Fundi, samaki wangu rasi hali chakula, na usiku anajivika plastiki

Swali:
Salaam alaykum fundi. Mie niko Wete, Pemba. Nna tangi la maji ya chumvi lita 250, nimeletewa feari rasi watatu (wale samaki wadogo wa mapambo wa mwambani, Kiingereza "fairy wrasse"), dume mmoja mwekundu na wengine wawili wadogo. Siku ya tatu mmoja katika wale wadogo nimemkuta sakafuni kakauka kama ng'onda. Dume nampa vidonge vya dukani na dagaa mkavu wa kutwanga, mara moja asubuhi kabla sijenda kazini, anaonja anatema, sasa hivi kakonda. Na usiku nikimulika tochi namuona kwenye tundu la jiwe kavikwa kitu kama plastiki, asubuhi hakipo. Hii fangasi? Nitie dawa gani? Na maji yakipungua naongeza ya bahari, sijui kama napo nakosea.

Jibu:
Waalaykum salaam yakhe. Dawa iweke chini kwanza, usitie kitu humo.

Hiyo plastiki si ugonjwa. Si unajua mtu akilala fofofo tunamwambia ana usingizi wa pono? Basi rasi na pono ni ukoo mmoja, na wako pono wanaofanya hivyohivyo, magharibi ikiingia anatafuta tundu, anatoa ute mwilini mwake mwenyewe anajifunika gubigubi kama mtu na shuka, asubuhi anatoka anauwacha unachanika. Kwa pono imeonekana ule ute unamkinga na vidudu vinavyonyonya damu usiku. Kwa hiyo huyo wako kalala salama, tena ni dalili nzuri kuwa kishapata tundu lake. Ila acha kumumulika tochi, ukimshtua usiku anatoka mbio bila kuona anakokwenda, na hapo ndo tunafika kwenye yule aliyekufa.

Rasi akitishika harudi nyuma, anapanda juu. Kule baharini juu kuna maji tu, kwako juu kuna dari. Mlango ukipigwa, mtoto akipita anakimbia, taa ikizimwa ghafla, anaruka. Mie mwenyewe nimeshapoteza dume zuri kwenye tangi la hoteli moja huku kaskazini Unguja, na kifuniko kilikuwepo, lakini nyuma niliacha uwazi wa vidole viwili wa kupitishia waya wa pampu, nikamkuta siku ya pili nyuma ya kabati. Vidole viwili tu. Kwa hiyo funika tangi zima, na usifunike kwa kioo mana joto la kwetu litakaa humo, nunua wavu wa plastiki wa matundu madogo kama milimita 6, tengeneza fremu ya alumini kama ya dirisha, fundi wa madirisha yeyote hapo Wete anakutengenezea, na pale waya unapopita pakate kwa kisu kiasi cha waya wenyewe. Na taa usizime kwa mpigo, zima ya tangi kwanza, ya chumba iache nusu saa.

Sasa chakula, hapa ndo penye tatizo lenyewe. Huyu samaki si mlaji wa sahani moja asubuhi. Makwao anakaa juu kidogo ya mwamba, mkondo unapita na vidudu vidogovidogo vinavyoelea, naye anadonoa kimoja kimoja kutwa nzima mpaka jua linakuchwa. Utumbo wake hauweki akiba, na anaogelea muda wote hatulii, sasa ukimpa mara moja ukaenda kazini, hata kama angekula chote, mpaka jioni kishamaliza. Alafu kinywa chake kidogo, kidonge cha dukani kikavu kwake ni kama wewe kupewa ubuyu wenye kokwa ukaambiwa meza. Dagaa wa kutwanga ndo kabisa, vumbi linaelea juu, mafuta yake yanatanda kama ngozi ya maziwa na kuzuia hewa kuingia, mengine yanazama yanaoza, samaki hajapata kitu na maji yameharibika.

Dawa yake unayo hapo hapo Pemba, uduvi. Uduvi mbichi lakini, si ule wa kuanikwa na chumvi. Ukiupata asubuhi, uoshe kwa maji baridi kwenye chujio la chai mpaka maji yatoke meupe, tia kwenye mfuko wa nailoni, ulaze ubapa uwe mwembamba kama biskuti, tia friza. Wakati wa kulisha unavunja kipande kama ukucha wa kidole gumba, unakitia kwenye kikombe na maji ya tangi, ukishayeyuka mwaga yale maji, chota uduvi kwa bomba la sindano bila ya sindano yenyewe, alafu uachie kidogokidogo mbele ya pampu ili mkondo ubebe. Hiyo ya mkondo usiipuuze, rasi mgeni mara nyingi hatambui chakula kilichokaa chini, anatambua kinachopita. Utamuona kwanza anakodoa jicho, anakifata kama shibiri moja, anarudi. Mara ya tatu ya nne atadaka.

Mpe mara 3 kwa siku, kila mara kiasi cha kuisha ndani ya dakika 2 au 3. Kama asubuhi unatoka, mpe kabla hujatoka, muachie mtu wa nyumbani ampe mchana (mpimie wewe kabisa kwenye vikombe, ukimwambia "kidogo" atamwaga kibakuli), na mara nyengine jioni, saa moja kabla ya kuzima taa. Uduvi ukikosekana, kamba mbichi aliyekatwa mpaka awe kama punje za ufuta anafaa, na mayai ya samaki mabichi wanayapenda sana. Artemia nazo, vile vidudu vidogo mfano wa uduvi vinavyouzwa vikiwa mayai makavu, unaweza kuangua mwenyewe kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye hewa, kwa joto letu siku moja au moja na nusu zinatoka, ila lisha zile zilizoangulika siku hiyo hiyo, zikikaa zinabaki maganda tu hazina nguvu. Vidonge usivitupe, akishakula vizuri wiki mbili, chukua vile vidogo kabisa, roweka kwenye maji ya uduvi, changanya vichache, atazoea.

Kujua kama anapona usiangalie rangi, angalia tumbo. Nyuma ya mapezi ya chini pawe na uviringo kidogo. Pakibonyea ndani, na nyama ya mgongo nyuma ya kichwa ikawa imezama, huyo bado ana njaa ongeza mara ya 4.

Kuhusu maji, hapo umekosea kweli. Maji yanayopungua ni mvuke, na chumvi haiendi na mvuke, inabaki. Ukiongeza ya bahari kila siku unaongeza chumvi juu ya chumvi. Maji yaliyopungua rudishia maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, safi yasiyo na klorini, ya bahari ni ya kubadilisha tu, unatoa asilimia 10 kwa wiki unatia mapya. Na ukienda kuchota, chota maji yakiwa yamejaa, panda ngarawa mtoke nje kidogo, usichote hapo bandarini, na masika baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa mana juu panakuwa na maji ya mvua na tope. Pima kwa kipimo cha chumvi (haidromita), kisome 1.025 basi.

Joto liwe 25 mpaka 27, likipanda puliza feni juu ya maji, linashuka nyuzi 2 au 3, lakini maji yatapungua zaidi, kwa hiyo rudia hapo juu. Na nunua pampu ya hewa ya betri, sie tulokuwepo Unguja toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 bila umeme hatuhitaji kuelezwa.

Mwisho hao wawili waliobaki. Huyo mdogo yaelekea ni jike, muache, dume asiye na jike rangi inafifia kidogo kidogo. Ukitaka kuongeza, ongeza majike, na waweke kwanza siku kadhaa ndani ya kiboksi chenye matundu humo humo tangini dume awazoee. Dume wa pili usilete, lita 250 hazitoshi ugomvi wao. Na huyu dume wako akija kufa Mungu apishe mbali, usikimbilie kununua mwengine, hawa jike mkubwa hugeuka dume, subiri wiki kadhaa utaona mapezi yanaanza kurefuka.