Figo ya kupandikizwa wakati wa mlipuko: anza na akiba ya dawa

Ninaishi Ujiji na figo ya dada yangu. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, kila aliyeniona alinihurumia: "Wewe kinga yako iko chini, jifungie." Ni kweli, dawa tunazomeza zinashusha kinga makusudi, mwili usije ukaikataa figo ya mwenzako. Ila mimi kilichoninyima usingizi ni vidonge. Mwezi huohuo India ilisitisha ndege za abiria kutoka nje, na wengi tuliopandikizwa huko kabla hospitali ya Muhimbili haijaanza kupandikiza figo, Novemba 2017, kliniki na dawa zetu zilikuwa hukohuko.

Kwa hiyo, daktari akikubali, weka akiba ya dawa ya miezi miwili hivi. Huku kwetu mvua ikikata reli tu mzigo unachelewa, sembuse dunia ikifungwa. Na akiba ikipungua, usipunguze dozi ili zifike mwisho wa mwezi. Figo huweza kukataliwa kimyakimya, huumwi popote, unakuja kushtuka kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, imepanda.

Muuza dawa mmoja alinipa boksi nisilolijua. "Dada, ni ileile, kampuni tu tofauti." Nililirudisha kaunta, nikampigia daktari kwanza. Takrolimasi, mojawapo ya dawa zetu za kushusha kinga, ukibadili kampuni lazima upimwe kiwango chake kwenye damu, na damu hiyo hutolewa asubuhi kabla hujameza kidonge.

Nyungu nayo! Shangazi zangu walijifukiza mpaka nyumba nzima ikanuka mwarobaini. Sikugombana nao, ila vikombe vya mitishamba nilikataa, maana baadhi huvuruga dawa zetu. Diklofenaki na ibuprofeni pia usiguse, hata mwili ukiuma vipi, zinaumiza figo.

Chanjo zilipoanza kutolewa Julai 2021 nilichanja, na nyumbani nikawahimiza wote wachanje, kwa sababu mwili wetu sisi huitikia chanjo kwa unyonge. Barakoa sikuivua. Usingoje homa kali ndipo ukapime, kwetu inaweza isije kabisa.

Wanaosafishwa damu walibanwa zaidi yetu. Mashine haina "kaa nyumbani", na nchi nyingi zilisimamisha upandikizaji kwa muda, hivyo wenye ndugu tayari wa kuwatolea figo wakaendelea kungoja.

Kliniki yangu ikawa ya simu. Kila asubuhi napima presha, uzito na joto, naandika kwenye daftari, Ijumaa namtumia daktari picha ya ukurasa. Uzito ukipanda ghafla, miguu ikivimba au mkojo ukipungua, siiongojei Ijumaa.