Kumwachisha kazi aliye kwenye likizo ndefu ya ugonjwa

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kumwachisha kazi mpakiaji wako wa ghala la Changamwe, ambaye hajarudi tangu avunjike nyonga miezi minane iliyopita. Unaweza, lakini si kwa barua tu. Likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ni fupi, angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, na waajiri wengi hudhani zikiisha mlango u wazi. Hapo ndipo wanapojikwaa. Kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi atakayemchagua, kisha umsikilize. (Ikiwa hawezi kupanda ngazi za ofisi yako, mfuate kwake.) Kabla ya hapo pata ripoti ya daktari, na umuulize kama anaweza kazi ya kuketi, mathalani kuandika daftari la mizigo langoni. Ulemavu wenyewe si sababu halali, na mahakama yaweza kukutoza hadi mishahara ya miezi 12. Kama aliumia kazini, fidia yake ni dai jingine, nalo halifutwi na barua yako.