Viza ya mke Uingereza: nisubiri hadi lini?

SWALI: Mume wangu yuko Leicester, mimi Mombasa. Niliomba viza ya mke wiki 6 zilizopita na sijajibiwa. Je, nimekataliwa?

JIBU: La, dada, kimya si kukataliwa. Kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza, uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 12, zikihesabiwa tangu ulipotoa alama za vidole, si ulipoanza kujaza fomu. Wengi hukwama kwenye fedha: kipato cha mumeo kifike pauni 29,000 kwa mwaka, na hati zake za mshahara za miezi 6 zioane na taarifa za benki. Mwezi mmoja ukikosekana, maswali huanza. Tafadhali, usikate tiketi kabla viza haijatoka.