Uhakiki wa hadithi fupi: tashbihi umeiona, sasa ifanyie kazi

Mwenye uzi anauliza kwa nini kazi yake inarudi imeandikwa "umeorodhesha tu", ilhali tamathali zote (mbinu za lugha kama tashbihi, yaani kufananisha kwa "kama") amezitaja sawasawa. Ndugu, umetambua vizuri. Kilichokuangusha ni kuweka wahusika ukurasa huu, mgogoro ule, tamathali mwishoni, kama vile havijuani.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, pigia mstari pale tu mhusika anapotenda asichokuwa akitenda, anapokataa, au anaponyamaza alipopaswa kujibu. Kwenye hadithi ya kurasa tano au sita sehemu hizo huwa chache, na karibu uhakiki wote umo humo.

Kwa wahusika, kosa linaloongoza ni kuchanganya hali na sifa. Maskini, yatima, mgonjwa, hizo ni hali. Sifa ni namna mtu anavyoubeba huo umaskini: kwa ujanja, kwa kinyongo, kwa kujidai hana shida. Na msimulizi wa nafsi ya kwanza akijiita mpole, usimwamini mpaka umwone na anayemkosea.

Mgogoro uandike kwa sentensi moja: fulani anataka hiki, kile kinamzuia, akishindwa atapoteza hiki. Hicho cha kupotea kikikosekana, ulichokishika ni kero tu.

Sasa lugha. Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya mfano. Rehema amekubali kaka zake wauze nyumba ya marehemu baba yao:

"Aliuweka ufunguo mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. 'Nyumba ni yenu sasa,' akasema. Alipogeuka, mlango ulimkodolea macho."

Wengi wataandika: kuna tashbihi na tashihisi (kitu kupewa tabia ya mtu), zimeipamba kazi. Hapo hujasema kitu. Mdomo wa Rehema umekubali, mkono haujakubali. Mtoto hulazwa na mtu anayetarajia kumwamsha baadaye, kwa hiyo tashbihi inamsuta mwenyewe. Neno "yenu" linamtoa kwenye ukoo kwa kauli yake. Kisha mlango unamkodolea macho: ugomvi na kaka zake umekwisha kwa maneno, sasa nyumba imechukua nafasi yao ya kumdai, na mgogoro umehamia nafsini.

Ukitaka kuhakikisha husomi kisichokuwapo, badilisha tashbihi. Weka "kama anayetua mzigo". Ghafla Rehema ni mtu aliyepumua, na ule mlango unaomkodolea macho haueleweki tena. Ikiwa umebadilisha na hakuna kilichotikisika, hilo ni pambo, litaje kwa mstari mmoja uendelee.

Angalia pia mitego ya "kama". "Kama kawaida" si tashbihi, "kama atakuja" ni sharti, na "mrefu kama kaka yake" ni kulinganisha kimo tu, watu wawili halisi. "Mguu wa meza" nao ulikuwa sitiari (kufananisha bila "kama") zamani, leo ni jina la kitu. Nahau kama "kukata tamaa" ni mali ya lugha nzima, usimpe mwandishi sifa kwa kuitumia, isipokuwa ameichezea.

Ukiandika aya, toa dai, nukuu maneno machache (kumi yanatosha kabisa), kisha eleza kwa sentensi zisizopungua mbili. Nukuu ikiwa ndefu kuliko maelezo, ujue bado unasimulia hadithi.

Na hadithi ikiishia hewani, usiitungie suluhisho. Rehema hatuambiwi kama alirudi. Andika kwamba kitendo cha mwisho ni cha mlango, si chake, halafu ueleze hilo linamwacha wapi.