Wasomaji Wauliza: Chakula cha Majira ya Theluji

SWALI: Shikamoo Mhariri. Katika vijiji vya milimani Japani, kama Shirakawa, ambako theluji hufunika mashamba, watu hula nini? (Msomaji, Pangani, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hula akiba ya Oktoba na Novemba: figili nyeupe zilizokaushwa au kutiwa chumvi, pamoja na matunda ya kaki yenye ukakasi, ambayo humenywa na kuning'inizwa kwa kamba penye upepo mpaka yawe matamu, kazi ambayo sisi tunaoanika makopa tutaielewa upesi. Theluji ikiyeyuka huchuma mboga za mwituni. Machipukizi ya warabi, aina ya kangaga, yenye sumu yakiwa mabichi, hulowekwa usiku kucha katika maji ya moto yenye majivu, yanayofanya kazi ya magadi, usionje machipukizi hayo kabla ya kulowekwa.