Msimu wa vimbunga Houston: usidanganywe na namba ya daraja

Dada, umesema mnahama kutoka Minnesota kuja Houston mwezi huu wa sita na watoto wawili, mumeo kapata kazi, na sasa umesikia msimu wa vimbunga umefunguliwa tarehe 1. Unauliza kama muahirishe hadi Desemba. Mimi ni wa Tanga, niko huku tangu mwanzoni mwa 2005, na yaliyonikuta si ya mistari miwili, kwa hiyo nivumilie.

Kalenda kwanza. Msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30, lakini kipindi cha kukosesha usingizi ni katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba. Juni mara nyingi hupita kimya. Nasema mara nyingi, maana dhoruba Allison ya 2001, iliyojaza maji hospitali kubwa za hapa mjini, ilikuja Juni, na haikufikia hata kuitwa kimbunga.

Sisi wa pwani ya kwetu hatukukua na mambo haya. Tanga na Mombasa ziko karibu mno na ikweta, kimbunga hakipati msokoto wa kujizungusha vizuri. Hata Hidaya ya Mei 2024 ilifika Mafia ikajifia. Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwenye simu kwamba tunakimbia kimbunga, alidhani nasema kinyamkela, akaniuliza kama nimesoma dua.

Tulikuwa tunaikimbia Rita, Septemba 2005. Katrina ilikuwa imeizamisha New Orleans wiki tatu na ushei tu nyuma, picha za watu juu ya mapaa bado ziko kwenye televisheni, halafu tunaambiwa Rita iko Ghuba ya Mexico, daraja la 5 ambalo ndilo la juu kabisa, upepo wa kilomita 285 kwa saa. Nani angebaki? Mamilioni tuliingia barabarani kwa pamoja. Tulikuwa watano kwenye gari la binamu yangu, kiyoyozi kimezimwa ili tusimalize mafuta, sufuria ya pilau nimeipakata mimi. Tulichukua saa 17 kufika Huntsville, ambako ni kama kilomita 110. Pilau lilichacha njiani. Vituo vya mafuta vilikuwa vikavu, magari yamekufa pembeni, watu wazima wanalia kwa joto. Rita ikapinda, ikatua mpakani mwa Texas na Louisiana, na Houston tukapata upepo tu na mvua ya kawaida. Lakini msafara wenyewe uliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wazee 23 walioungua ndani ya basi karibu na Dallas.

Ndiyo maana wenyeji wana msemo wao: maji yakija kimbia, upepo ukija jifiche. Nyumba yako ikiwa nje ya kanda za pwani za kuhamishwa, serikali inataka utulie ndani ili watu wa Galveston, mji wa kisiwani hapa pwani, wapate njia. Na wale wana haki ya kupishwa. Septemba 8, 1900 bahari iliumeza mji wao, wakafa watu wanaokadiriwa 8,000, na hadi leo Marekani haijapata janga la asili lililoua wengi zaidi.

Sasa hiyo daraja. Utaisikia kwenye televisheni kila dakika, moja hadi tano. Inapima kasi ya upepo, basi. Haikuambii mvua itakuwa kiasi gani, bahari itapanda mita ngapi, wala kimbunga kitakaa siku ngapi juu ya paa lako. Ike ya Septemba 2008 ilikuwa daraja la 2. Kuna waliosema "mbili tu" wakabaki pwani, na upande wa Bolivar, rasi iliyo jirani na Galveston, bahari ikapanda mita nne na nusu hadi sita, mitaa mizima ikafagiwa. Mimi niko ndani, mbali na bahari, kwa hiyo niliambulia uzio wa jirani kulala uani kwangu na siku 13 bila umeme.

Halafu Harvey. Ilitua Ijumaa, Agosti 25, 2017, huko Rockport, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu, daraja la 4. Jumamosi mchana ilikuwa imeshashushwa cheo, ikaitwa dhoruba tu. Tukapumua. Usiku ule ndio wa pambano la Mayweather na McGregor, tulikuwa na wageni, watu wanakula na kubishana. Mvua ilianza kama mvua nyingine yoyote, ila haikubadilisha mdundo. Kimbunga kilikosa upepo wa kukisukuma, kikakaa palepale kinavuta maji baharini na kuyamwaga juu yetu. Saa tisa usiku mwanangu wa kwanza alishuka kitandani akasema, "Mama, zulia limelowa." Nikadhani kamwaga kikombe.

Tunakaa karibu na Brays Bayou, mto mdogo unaopita mjini. Maji hayakuingia kwa kishindo kama kwenye sinema. Yalipenya chini ya mlango, yakapanda kupitia shimo la bafuni, taratibu, yananuka. Mume wangu akakimbilia kuzima swichi kuu ya umeme, na hilo nalishukuru mpaka leo. Tukawapandisha watoto juu ya meza ya jikoni pamoja na pasipoti na vyeti ndani ya mfuko wa mchele. Kulipokucha maji yalikuwa juu ya magoti. Waliotutoa ni wanaume wawili wenye boti ya kuvulia samaki, hatukuwajua, hawakutaka hata tuwape ya soda.

Huko Nederland, mji wa hapahapa Texas, ilipimwa mvua ya milimita 1,539, zaidi ya inayonyesha Tanga mwaka mzima. Na hata mvua ilipokuwa inaelekea kwisha, mabwawa mawili ya magharibi, Addicks na Barker, yalijaa ikabidi yafunguliwe, na nyumba zilizokuwa zimesalimika zikaingia maji.

Bima yangu ya nyumba haikulipa hata senti. Si kwamba walinidhulumu. Bima ya kawaida hailipi mafuriko, nami sikuwa nimesoma karatasi. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukisubiri hadi kimbunga kipewe jina, umechelewa. Hata mpangaji anaweza kukatia vyombo vyake.

Beryl, Julai 8, 2024, ilikuwa daraja la 1. Watu hata maji ya chupa hawakununua. Nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zikakosa umeme, sisi siku sita, kwenye joto la kupikia yai juu ya boneti. Hapo utaona faida ya kukulia kwetu: madumu, ndoo, taa za betri, kula cha friji kwanza kabla hakijaoza, hayo unayajua bila kufundishwa. Jaza na bafu maji ya kumwagia choo. Mji mzima, usicheke, tulikuwa tunafungua ramani ya mgahawa wa Whataburger kwenye simu: tawi likionekana limefungua, mtaa huo una umeme.

Ila mazoea yetu mengine yanaua. Jiko la mkaa usiliingize ndani, hata gereji huku mlango umefunguliwa. Jenereta vilevile, iwe nje, mbali na madirisha. Hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka humo imeua watu baada ya vimbunga vingi, na wengi wao upepo haukuwagusa.

Kwa hiyo njooni, msisubiri Desemba. Ila kabla ya kusaini nyumba, uliza swali moja kwa jina: Harvey ilipokuja 2017, maji yalifika wapi? Mkipanga, sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akueleze mafuriko ya miaka mitano iliyopita, na Harvey imeshatoka kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo anaweza kukaa kimya bila kosa. Muulize na jirani wa kushoto, yeye hana cha kuuza. Epuka ghorofa ya chini ikiwezekana. Na mkifika nitafute, nina madumu mawili ya lita 20 hayana kazi.