Hatifungani au dola? Jibu refu la mtu aliyenunua dola kwa 163

Shikamoo Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Umestaafu, kiinua mgongo kimetoka, umelipa madeni na umebakiwa na milioni 40 za Kitanzania. Mpwa wako akwambia shilingi, ambayo Mei 2025 ilikaribia 2,700 kwa dola, itafika 3,000 mwaka haujaisha, kwa hivyo ubadilishe zote. Mtu wa benki naye akwambia uziweke zote kwenye hatifungani ya miaka 25. Na binti yako yuko chuoni India, amebakisha miaka miwili. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Mimi si mtaalamu wa fedha, nauza spea za magari hapa Mombasa, ila jambo hili lilinila pesa, na aliyeliwa huwa na la kusema. (Nyinyi mwasema hatifungani, sisi huku twasema bondi, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Nitachanganya, mnisamehe.)

Mwaka 2023 ulipoanza, dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Mwaka ulipokwisha ilikuwa karibu 157, na Januari 2024 ikavuka 160. Kila duka la spea habari ilikuwa moja: Juni 2024 Kenya yatakiwa kulipa ule mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa 2014 kwenye masoko ya nje, na hazina haina dola. Walioagiza mizigo walikuwa wakizisaka dola benki kwa benki na kuambiwa warudi kesho. Aliyezipata hakuzitoa. Watu walisema 180 kufikia Pasaka, wengine 200.

Nilikuwa na shilingi milioni moja nje ya biashara, za kumalizia nyumba na karo ya kijana wangu chuo kikuu. Nikaenda benki, nikazigeuza zote kuwa dola kwa 163. Nikapata karibu dola 6,135. Siku hiyohiyo, kwenye ubao uleule, benki ilikuwa ikinunua dola kwa 155. Yaani kama ningegeuka mlangoni na kurudi kuziuza, ningekuwa nimepoteza karibu asilimia 5 bila shilingi kusogea hata nukta. Niliuona ule ubao. Sikuufikiria. Hofu ikishaingia, mtu haoni ubao.

Mke wangu alikuwa na laki tatu zake za chama, kile kikundi chao cha kuweka akiba. Nikamshauri naye anunue dola. Akanijibu kwamba hajawahi kununua kitu chochote kwenye dola maisha yake yote, na hana mpango. Kule chamani walikuwa wameshafunguliana akaunti za DhowCSD, ule mfumo wa Benki Kuu ya Kenya wa kununua bondi kwa simu. Katikati ya Februari ukatokea mnada wa bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Akaomba kwa riba ya wastani, yaani hakutaja bei yake mwenyewe, akakubali itakayotoka. Ikatoka asilimia 18.46, na bondi za miundombinu hazikatwi kodi.

Wiki ileile ya mnada serikali ikatangaza kwamba imepata mkopo mpya wa nje wa dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, wa kulipia sehemu kubwa ya ule wa Juni mapema. Ghali, lakini hofu ikakatika palepale. Na ule mnada wa bondi, serikali iliomba shilingi bilioni 70 ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 288, ikachukua karibu 241. Wageni wengi walileta dola zao ili wapate shilingi za kununulia bondi. Waliokuwa wameficha dola nao wakaanza kuzitoa, kwanza taratibu, halafu wote kwa pamoja. Mwisho wa Machi dola ilikuwa kama 131.

Nami nikangoja irudi. Aprili nikangoja, Mei nikangoja. Juni maandamano ya Mswada wa Fedha yalitikisa nchi, nikasema sasa lazima shilingi ianguke. Haikuanguka, ilikaa kwenye 129 kama imepigiliwa misumari. Agosti chuo kikataka karo, nikauza dola zangu kwa 127. Nikapata shilingi 779,000. Milioni yangu ilikuwa imeliwa laki mbili na ishirini. Wiki hizohizo simu ya mke wangu ikalia: riba yake ya kwanza ya miezi sita, shilingi 27,690. Hakuniambia neno. Alipika biriani.

Sasa Mwalimu, sikuelezi haya ili nikuambie dola ni mbaya. Nilinunua dola mara mbili mwezi ule. Ule mzigo mwingine, dola 4,000 za kulipia spea Sharjah, niliununua kwa bei ileile mbaya, na haukuniumiza hivyo. Deni langu Sharjah ni la dola, nililipa dola, spea zikaja, nikaziuza kwa bei ya wakati ule. Kama dola ingefika 200 ningejipongeza, iliposhuka nilinung'unika tu kidogo. Kilichoniumiza ni zile za nyumba na karo. Fundi wangu hulipwa kwa shilingi. Chuo cha kijana wangu chalipwa kwa shilingi. Nilichukua pesa zenye kazi ya shilingi nikazipeleka kwenye dola kwa sababu ya maneno ya watu, na hiyo kwa jina lake halisi ni kamari. Wale wanaokuuliza "waionaje shilingi, itashuka ama itapanda" wanauliza swali ambalo hata mabenki hulikosea. Anza na hili: matumizi yako yanayokuja ni ya pesa gani?

La pili, hesabu. Hii ndiyo iliyonifungua macho, na ningeifanya Januari ile ningelala usingizi. Riba ya bondi huwa kubwa wakati ule ule watu wanapoogopa shilingi, maana bila hivyo hakuna atakayeikopesha serikali. Ile 18.46 ilikuwa ni malipo ya hofu. Ukichukua bondi ya 18.46 ukailinganisha na dola iliyo kwenye akaunti ya asilimia 4, dola lazima ipande karibu asilimia 14 kila mwaka ndipo mwenye dola atoke sare na mwenye bondi. Sare tu, bado hajashinda. Kutoka 163 ilipaswa kufika 186 baada ya mwaka na 211 baada ya miwili. Nilidhani nakimbia hasara, kumbe nilikuwa nimeweka dau kwamba Kenya itavunjika.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa zako. Tuseme hatifungani yako inakupa 15, na kwenu za muda mrefu hazikatwi kodi ya riba, na akaunti ya dola inakupa 4. Gawanya 1.15 kwa 1.04, wapata 1.106. Kwa hivyo dola ipande asilimia 10.6 kwa mwaka. Kutoka 2,700 ni kama 2,985. Umeona? Ile 3,000 ya mpwa wako inayokunyima usingizi, ikitimia mwakani wakati kama huu, mwenye dola na mwenye hatifungani wako karibu sawa, na ukitoa ile tofauti ya bei ya kununua na kuuza, mwenye hatifungani ametangulia. Hesabu hii iweke upya kwa riba utakayopewa wewe siku hiyo, usitumie yangu.

Na shilingi yenu ina tabia ambayo sisi wa huku twaiona vizuri kwa kuwa twafanya biashara na Tanga na Dar. Miezi ya kwanza ya mwaka hulegea. Kuanzia katikati ya mwaka watalii wakija, kisha korosho zikiuzwa, huimarika. Mwaka 2024 ilipita 2,700, watu wakapiga kelele hizihizi, Desemba ikawa karibu 2,400. Sisemi itajirudia. Nasema aliyenunua dola kwa hofu ya Septemba ndiye aliyelia Krismasi, na mimi namfahamu mtu huyo, ni shemeji yangu wa Horohoro.

Lakini wale wanaokuambia serikali haiwezi kukosa kulipa shilingi zake yenyewe kwa kuwa inazichapisha, usiwasikilize moja kwa moja. Waulize Ghana. Desemba 2022 serikali ya kule iliwaambia wenye hatifungani za ndani wabadilishane na mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Mapema 2023 wastaafu, watu kama wewe Mwalimu, walikuwa wakisimama na mabango mbele ya Wizara ya Fedha pale Accra, hata Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo akaenda kusimama nao, mpaka serikali ikakubali kuwaacha nje ya mpango ule. Na cedi, pesa yao, nayo ilikuwa imeshaporomoka. Ila angalia pia hili: Desemba ileile ya 2022 Ghana ilisimamisha kulipa hatifungani zake za dola. Zambia ilipokwama Novemba 2020, waliokwama ni wenye zile za dola, na za kwacha hazikuguswa. Kwa hivyo neno "dola" peke yake halina kinga. Dola ya hatifungani ya serikali ni ahadi ya serikali hiyohiyo. Dola iliyo benki yako ni ahadi ya benki yako.

Kuna mahali ambapo ningemwambia mtu anunue dola bila hesabu ndefu. Ni pale serikali inaposhikilia bei yake huku mtaani bei ni nyingine kabisa. Ethiopia ilikuwa hivyo: benki wasema birr 57, mtaani imepita 100. Julai 2024 wakaiachia, na kwa wiki chache bei ya benki nayo ikapita 100. Hapo hakuna riba ya bondi itakayokuokoa. Shilingi yenu haiko hivyo. Inasogea kila siku, hofu nyingi imeshaingia kwenye bei kabla wewe na mimi hatujaisikia. Siku ukiona dola ya mtaani iko mbali na ya benki, na benki haikuuzii, rudi hapa tuongee upya.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwanza ningetoa matumizi ya mwaka mmoja, chakula na dawa, nikayaweka mahali pa kutoka haraka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile taasisi ya serikali yenu ya mifuko ya uwekezaji, unafaa kwa hilo. Kisha ningepiga hesabu ya ada za binti kwa hiyo miaka miwili, na hizo tu ndizo ningezigeuza dola, tena si siku moja. Ningenunua za muhula unaokuja sasa, hata kama bei yauma, maana hizo zina mwenyewe. Zilizobaki ningezigawa mafungu hadi mwisho wa mwaka. Nenda benki na barua ya chuo na hati ya ada, watakusikiliza vizuri zaidi kuliko ukienda mikono mitupu. Mtu akikushawishi ununue dola ili upangishe nyumba kwa dola, mkumbushe kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Zinazobaki, hatifungani. Ila zote kwenye miaka 25? Hapo namshangaa huyo mtu wa benki. Una miaka 60. Riba utapokea mara mbili kwa mwaka, na hilo ni zuri, ni kama pensheni ya pili. Shida ni siku ukitaka mtaji wako kabla ya wakati. Hatifungani ya miaka 25 ilitolewa kwa asilimia 15.95 mwaka 2021, mwaka uliofuata ikatolewa mpya kwa 12.56. Aliyeshika ya 2021 aliuza kwa faida, maana yake yalipa zaidi ya mpya. Aliyeshika ya 12.56, riba zikipanda, atauza kwa hasara, na kadiri miaka iliyobaki ilivyo mingi ndivyo anavyokatwa zaidi. Mke wangu ameangukia upande mzuri: Benki Kuu yetu iliteremsha riba yake kutoka asilimia 13, Agosti 2024, hadi asilimia 10, Aprili 2025, na bondi yake ikawa yatafutwa. Ingeweza kwenda kinyume. Gawa, sehemu miaka mitano, sehemu kumi, na kidogo kwenye hiyo ndefu ukipenda. Milioni moja yatosha kuingia. Fungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani, kwa wakala au benki, na kwenye fomu omba bila kutaja bei, kama alivyofanya mke wangu. Wenye kujifanya wajuzi wa mnada hurudishiwa pesa zao.

Swali langu moja, Mwalimu. Hukutaja chuo cha binti chadai ada kwa dola au kwa rupia. Vingine huwatoza wageni kwa dola, vingine kwa rupia hata kwa wageni. Kikiwa cha rupia, lile fungu la dola tutalipanga tofauti kidogo. Tazama kwenye ile hati ya ada, juu kulia, kisha uniandikie.